Gari la Moshi, Mtumbwi na Dagaa: Safari ya Kigoma Katika Historia

Swali lililotupeleka ziwani tuliulizwa darasani. Tulikuwa tukisoma kifungu cha ufahamu kuhusu mahitaji ya nyumbani, na katika kifungu hicho palikuwa na mama aliyetumwa sokoni kununua unga, chumvi na dagaa. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa mvuvi wa Rumonge, alinyosha mkono akataka kujua kama dagaa hao ni ndagala wa kwao au ni samaki mwingine. Tulimjibu kama kamusi inavyojibu, kwamba dagaa ni samaki wadogo. Hakuridhika. Akauliza tena: ni wadogo kwa sababu hawajakua, au ni wadogo kwa asili yao? Darasa likacheka, nasi tukageukia ubao kuandika zoezi. Lakini jambo hilo halikutuondoka. Mwalimu wa lugha hufundisha majina ya vitu vingi asivyopata kuviona, na mara moja moja hapana budi atoke akavione.

Fursa ilikuja miaka michache baadaye. Walimu wanne miongoni mwetu, wote wa kutoka Burundi, tulihudhuria semina Tabora, na wakati wa kurejea tukakubaliana kupita njia ya Kigoma: kwa gari la moshi hadi mwisho wa reli, kisha usiku mmoja ziwani pamoja na wavuvi, kisha nyumbani kwa kuufuata ukingo wa ziwa. Tunaandika "gari la moshi" kwa makusudi, ingawa vijana hutucheka na kusema "treni". Moshi wenyewe haupo tena, maana injini za dizeli zilikwisha kuchukua nafasi ya zile za kuni na makaa. Hata hivyo jina hilo limebeba historia, nasi hatuoni sababu ya kulitupa kwa kuwa tu kitu chenyewe kimebadilika. Je, mara ngapi tunasema "kalamu" bila ya kufikiri juu ya utete?

Kutoka Tabora hadi Kigoma ni mwendo wa kilomita 400 na kidogo. Ukiupita usiku, huoni mengi ila vituo: Urambo, Kaliua ambako njia ya Mpanda huchepuka, kisha kulipopambazuka bonde la Malagarasi na Uvinza. Hapo Uvinza abiria walinunua chumvi madirishani, nasi tukanunua. Chumvi hiyo hutolewa katika chemchemi za maji ya chumvi, na wachimbuaji wa mambo ya kale waliofanya kazi hapo katika miaka ya 1960 walionyesha kwamba watu wamekuwa wakiichemsha kwa zaidi ya miaka 1,000. Yaani biashara ya chumvi ya Uvinza ni kongwe kuliko reli, kuliko misafara ya pembe, na yamkini kuliko Kiswahili chenyewe katika sehemu hizi.

Reli ya Kati ilianzishwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na mwezi Februari 1914 vyuma vikagusa maji ya Kigoma. Urefu wake wote ni kilomita 1,250 hivi, na upana wa njia ni mita moja. Vitabu vya historia husifu kampuni ya Philipp Holzmann na wahandisi wake kwa kazi hiyo. Ni haki yao. Lakini ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya waliochimba tuta, waliobeba mataruma na waliopasua mawe walikuwa Waafrika, na wengi wao Wanyamwezi, watu wale wale ambao babu zao na baba zao walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia ya Bagamoyo hadi Ujiji. Hapa pana jambo la kuhuzunisha kidogo. Mpagazi aliajiriwa kujenga kitu ambacho kingeiua kazi ya upagazi. Msafara uliochukua miezi mitatu na zaidi uligeuka kuwa mwendo wa siku mbili tatu, na nyimbo za njiani, majina ya vituo vya kupumzikia, ufundi wa kuufunga mzigo usimuumize mtu bega, vyote vikaanza kufifia.

Wanafunzi huuliza kwa nini reli iliishia Kigoma na siyo Ujiji, mji uliokuwa na jina kubwa zaidi. Jibu liko katika maji. Ziwa Tanganyika halikai kimo kimoja. Katika karne ya 19 maji yalipanda mpaka yakalivunja lango la Mto Lukuga, upande wa Kongo, mnamo mwaka 1878, na baada ya hapo ziwa likashuka mita kadhaa. Ufuo wa Ujiji, ambao ni tambarare, ukaachwa mbali na maji. Anayezuru leo mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871 husimama chini ya miembe akajiuliza ziwa liko wapi. Kigoma, kinyume chake, ina ghuba yenye kina iliyokingwa na vilima, na meli yaweza kukaa karibu na nchi kavu. Basi reli ikafuata kina cha maji, haikufuata sifa ya mji. Ujiji ulibaki na lugha, misikiti na wavuvi wake; Kigoma ikachukua stesheni na bandari.

Habari za vita na za meli hazitatuchukua muda mrefu, kwa kuwa zimeandikwa mno. Meli ya Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa masandukuni, ikaletwa Kigoma na kuunganishwa upya. Mwezi Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia, wahandisi waliipaka mitambo yake grisi kisha wakaizamisha wenyewe. Iliibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Ama kwa sisi wa Burundi, lililo muhimu zaidi ni mapatano ya mwaka 1921, ambayo kwayo Ubelgiji ilipewa eneo lake katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja tu kwa mwaka. Bidhaa za Kongo na za Rwanda-Urundi zilipita hapo. Kitenge, sabuni, baiskeli na daftari alizoandikia baba wa mmoja wetu zilitoka baharini kwa reli hiyo, kisha zikavuka ziwa. Na pamoja na bidhaa walikuja makarani, mabaharia na wachuuzi, na Kiswahili chao. Anayetaka kujua kwa nini mtaa wa Buyenzi katika Bujumbura huzungumza Kiswahili asubuhi hata jioni, asisahau kuutazama ukingo wa ziwa unaokwenda Ujiji.

Tulifika Kigoma wakati wa asubuhi. Stesheni ile ya Wajerumani ingali imesimama juu ya bandari, na ukitoka mlangoni unaliona ziwa mara moja, kana kwamba lilikuwa likikungoja. Mwenyeji wetu, mwalimu mwenzetu wa huko, alitupeleka Kibirizi, ufuo wa wavuvi ulio kaskazini ya mji, akatukutanisha na mzee mmoja nahodha. Tulimwamkia "Shikamoo mzee," akaitikia "Marahaba wanangu," kisha akatutazama viatu vyetu na kusema kwamba usiku ule hatutavihitaji. Kabla ya kukubali kutuchukua, alitaka kujua mambo mawili: kama tunajua kuogelea, na kama mwezi tunaujua. La kwanza wawili wetu walikiri kwamba hawajui. La pili hatukulielewa mpaka alipotueleza. Uvuvi wa dagaa ni kazi ya giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa ya mvuvi haina nguvu juu ya samaki, na mitumbwi hupumzika. Tulikuwa tumefika, kwa bahati na siyo kwa akili, katika juma la giza.

Hapa ndipo tunapotaka kumrudisha msomaji nyuma, mwaka 1858. Burton na Speke walifika Ujiji mwezi Februari wa mwaka huo, baada ya safari ya karibu miezi minane kutoka pwani, mmoja hawezi kusimama kwa maradhi na mwingine karibu kipofu. Walitaka kujua jambo moja kuhusu mto wetu: Ruzizi waingia ziwani au watoka? Ungalikuwa unatoka, basi pengine ulikuwa chanzo cha Nili. Walikodi mitumbwi miwili kwa kiongozi wa mahali aliyeitwa Kannena, ambaye aliwaongoza na wapiga makasia wake hadi Uvira mwezi Aprili. Huko vijana watatu, wana wa mtawala wa mahali hapo, waliwaambia kwamba mto unaingia ziwani. Wapiga makasia wakakataa kusonga mbele, na wageni wakarudi bila ya kuuona mlango wa mto kwa macho yao. Miaka 13 baadaye Livingstone na Stanley walikwenda wakathibitisha yale waliyoyasema vijana wale.

Katika vitabu vya safari Kannena hulaumiwa kwa bei yake kubwa na kwa ukaidi. Hatusemi kwamba alikuwa mwema. Twasema tu kwamba jibu la swali lililowasumbua wataalamu wa London lilikuwa likijulikana na kila mvuvi kutoka Ujiji hadi Uvira, na kwamba wageni walipelekwa kwenye jibu hilo na watu waliokuwa wakiyajua maji kama sisi tunavyozijua irabu. Kiongozi wa safari huandikwa katika historia kana kwamba ni kasia: hutajwa anapovunjika. Hata Sidi Mubarak Bombay, aliyeandamana nao kutoka pwani na baadaye akasafiri tena na Speke, Stanley na Cameron, alingoja muda mrefu kabla ya kupewa nafasi yake vitabuni.

Tuliondoka Kibirizi saa kumi na mbili jioni. Chombo chenyewe kilikuwa mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, baina yake wavu mpana ambao hushushwa chini kama shuka lililotandazwa. Mzee alitueleza jinsi mambo yalivyokuwa. Babu yake alivua kwa mwenge: kuni ziliwashwa katika ncha ya mtumbwi, na dagaa waliofuata mwanga wakatekwa kwa lusenga, wavu wa duara wenye mpini mrefu. Katika miaka ya 1950 zikaja karabai, na mwanga ukaongezeka mara nyingi. Miaka hiyo hiyo Wagiriki waliokaa Bujumbura walianza kuvua kwa meli zenye nyavu kubwa za kuzungushia, uvuvi ambao ulififia kuelekea mwisho wa karne. Karabai nazo sasa zimepishana na taa za betri. Wenzetu watapenda kujua kwamba neno "karabai" yamkini limetokana na jina la ile kemikali ya taa za zamani za gesi. Taa ikabadilika, jina likabaki, sawasawa na gari la moshi.

Saa nyingi za usiku zilipita bila ya jambo lolote. Taa zilining'inia juu ya maji, na upande wa mashariki tuliziona taa za mji, ilhali upande wa magharibi milima ya Kongo ilikuwa giza tupu. Mmoja wetu alitapika, na kwa heshima yake hatutamtaja. Kisha, baada ya saa saba, mzee alitwambia tutazame chini. Maji yalikuwa yakichemka. Hatuna neno jingine. Maelfu ya vipande vya fedha vilizunguka chini ya taa, vyote vikielekea upande mmoja, kisha ghafla upande mwingine. Na chini yao, mara moja moja, umbo refu likapita kwa kasi. "Mgebuka huyo," mzee alisema. "Naye amekuja sokoni." Wavu ukavutwa na watu wanne kwa pamoja, na dagaa wakamiminika ndani ya mtumbwi kwa sauti kama ya mvua juu ya makuti.

Hapo ndipo tulipomuuliza swali la mwanafunzi wetu. Mzee alichukua dagaa mmoja kiganjani, akampasua kwa ukucha, akatuonyesha mayai. "Huyu ni mama," akasema. "Mtoto hazai."

Jibu ndilo hilo, na wataalamu wanakubaliana nalo. Dagaa wa Tanganyika ni wakubwa kwa umri, wadogo kwa asili. Wako wa aina mbili, na wana undugu na dagaa wa baharini. Mwingereza J. E. S. Moore alisafiri hadi ziwani katika miaka ya 1890 akidhani kwamba Tanganyika ilikuwa bahari iliyofungiwa bara. Dhana hiyo haikusimama. Uchunguzi wa nasaba zao uliotolewa mwaka 2008 unaonyesha kwamba mababu wa samaki hao waliingia katika maji baridi kutoka bahari ya Afrika Magharibi, makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, wakafika huku hatua kwa hatua. Kwa maneno mengine, nao walisafiri kutoka pwani hadi Kigoma, ila kwa njia ya upande wa pili, na bila ya reli.

Ama kuhusu majina, hapa mwalimu wa Kiswahili ana kazi. Kigoma husema dagaa. Burundi tunasema ndagala, na Kongo husikika ndakala. Kusini, Mpulungu ya Zambia, huitwa kapenta. Aina moja kati ya hizo mbili ilichukuliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ikatiwa katika Ziwa Kivu, na huko Wanyarwanda humwita isambaza, na watu wa Goma na Bukavu sambaza. Ilichukuliwa tena katika miaka ya 1960 hadi Kariba. Lakini dagaa wa Ziwa Viktoria, anayeitwa omena Kenya na mukene Uganda, si ndugu yake kabisa. Ni samaki wa ukoo mwingine aliyepewa jina hilo kwa kufanana udogo. Na mgebuka wa Kigoma ndiye mukeke wetu wa Bujumbura. Basi kitabu cha kiada kinapoandika "dagaa: samaki wadogo" na kuishia hapo, mtoto wa Mwanza, wa Kigoma na wa Rumonge wanaona samaki watatu mbalimbali katika akili zao, na mwalimu hajui. Tunashauri wenzetu waanze somo kwa kuwauliza wanafunzi kabla ya kuwaeleza.

Kulipopambazuka tulirudi ufuoni. Wanawake walikuwa wakingoja na ndoo. Dagaa walianikwa, wengine mchangani, wengine juu ya vichanja vya waya ambavyo huwaepusha na mchanga na huleta bei nzuri zaidi. Wakikauka hutiwa magunia, na magunia hayo ndiyo yaliyoipa reli maana machoni pa watu wa kawaida. Wajerumani waliijenga kwa ajili ya dola yao, Wabelgiji waliitumia kwa bidhaa zao, lakini katika sahani za Tabora, Dodoma na Dar es Salaam reli ilileta dagaa wa Kigoma, na jina hilo likawa sifa sokoni. Muuzaji wa Kariakoo anayewapigia debe wa kwake hana haja ya kueleza Kigoma ni wapi.

Tulipoagana, mzee alitwambia kwamba ziwa si lile alilolijua. Tulidhani atawalaumu wenye nyavu haramu, na kweli aliwalaumu. Lakini akaongeza kwamba upepo wa kusini umebadilika, na kwamba maji ya juu yana joto kuliko zamani. Tuliporudi nyumbani tulisoma, tukakuta kwamba watafiti walichapisha jambo hilo mwaka 2003: ziwa limepata joto, maji ya juu hayachanganyiki tena vizuri na maji ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki kimepungua. Utafiti mwingine wa mwaka 2016, uliosoma matope ya chini ya ziwa, ulionyesha kwamba samaki walianza kupungua hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza. Hilo halimwondolei lawama anayevua kwa chandarua. Lakini mvuvi mwenye mtumbwi mmoja asibebeshwe peke yake mzigo ambao sehemu yake imetoka katika mabomba ya moshi ya nchi asizozijua.

Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi za ziwa, Tanzania ililifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Tulimpigia mzee simu mwezi Julai. Hakuipinga amri, alisema samaki mwenye mayai ana haki ya kupumzika, na yeye mwenyewe alitupasulia mmoja tukaona. Ila vijana wake wawili wamekwenda Uvinza kutafuta kazi ya chumvi, na taa za betri zimetundikwa ukutani, wajukuu wanazisomea. Akatwambia amehesabu siku. Ziwa litafunguliwa siku chache kabla ya mwezi mpevu, kwa hiyo hata likifunguliwa itambidi angoje tena mpaka giza lirudi. Akauliza kama yule mwanafunzi wa Rumonge alipata jibu lake. Tulimwambia alipata, na kwamba alisema baba yake alikuwa akilijua siku zote, ila hatukuwa tumemwuliza.